MLANGO WA KLABU: Sheria za Starehe kwa Vyama vya Askari wa Zamani Huko Marekani

Katika miji mingi ya Marekani, hata ile midogo isiyo na jengo la maana ila kanisa, shule na duka, huonekana nyumba moja yenye bendera mbele yake, na pengine mzinga wa zamani umewekwa uani. Hiyo ni nyumba ya askari wa zamani. Yaweza kuwa ya American Legion, chama kilichoanzishwa mwaka 1919 na askari waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, au ya Veterans of Foreign Wars, chama ambacho asili yake ni mwaka 1899, kwa ajili ya wale waliopigana nje ya nchi yao. Mtaa wa pili huenda pakawa na nyumba ya chama cha udugu, kama vile Elks au Moose, vyama vilivyojiita kwa majina ya wanyama wakubwa wa nchi za baridi, na ambavyo wanachama wake huapa kiapo, huitana ndugu na husaidiana katika shida na misiba.

Jumamosi usiku nyumba hizo hazilali mapema. Kuna bendi, kuna dansi, kuna bahati nasibu, na bei ya bia si kali. Wenye baa walio jirani huona wivu, nao hawakosi sababu, maana wao hupewa leseni kwa masharti ya watu wote, na vyama hivi hupewa kwa masharti yao peke yao. Katika masharti hayo, jambo la kwanza si aina ya ngoma itakayopigwa, bali ni hili: Ni nani aliyealikwa? Ikiwa waliomo ni wanachama na wageni wao, sheria huitazama ngoma ile karibu na vile itazamavyo arusi inayofanywa uani kwa mtu. Lakini ikiwa tangazo limebandikwa njiani, na kila mwenye kiingilio aweza kuingia, basi hiyo ni biashara, hata kama wenyeji wote wana nishani vifuani.

CHAMA KILICHOZALIWA NA SHERIA

Yafaa msomaji ajue kwamba chama cha Elks chenyewe kilizaliwa kwa sababu ya sheria ya starehe. Mwaka 1867, katika mji wa New York, baa zilikuwa zimekatazwa kuuza vileo siku ya Jumapili, nayo ndiyo siku ambayo waimbaji na waigizaji wa majumba ya michezo walikuwa hawana kazi. Kijana mmoja mwimbaji aliyetoka Uingereza, jina lake Charles Vivian, akawakusanya wenzake wakawa wakikutana chumbani, wakinywa na kuimba wao kwa wao. Wakajipa jina la mzaha, Jolly Corks, yaani vizibo vya furaha. Haukupita muda mrefu, mwenzao mmoja akafa, akaacha mjane na watoto katika dhiki. Ndipo walipoona kwamba haifai kukutana kwa kunywa tu. Tarehe 16 Februari 1868 wakafanya chama kamili chenye viongozi, kanuni na mfuko wa kusaidiana. Sheria ilikuwa imefunga mlango wa baa. Wao wakaingia kwa mlango wa chumba cha faragha, na kwa mlango huo vyama vya namna hii vimepita tangu siku zile.

LESENI ZA PENNSYLVANIA

Sheria hizi si moja kwa nchi nzima. Kila jimbo lina zake, na chini ya jimbo halmashauri za miji huongeza masharti yao juu ya kelele, maegesho ya magari na saa za kufunga. Jimbo la Pennsylvania latosha kuwa mfano.

Huko, bodi ya vileo ya jimbo hutoa leseni maalum ya klabu. Mwenye leseni hiyo aweza kuuza kinywaji mpaka saa tisa za usiku, hali mkahawa wa kawaida hapana budi ukome saa nane. Lakini klabu haina ruhusa ya kumwuzia mtu asiye mwanachama. Mgeni aweza kuketi na kunywa, ila mwenye kutoa fedha awe ni yule mwanachama aliyemleta. Wakitaka kuweka dansi au maonyesho ya jukwaani, klabu haina haja ya kuomba kibali cha starehe, hali mkahawa wa kawaida hapana budi ukiombe, na ada ya kibali hicho ni sehemu ya tano ya ada ya leseni yenyewe. Kutazama televisheni hakuhitaji kibali.

Michezo midogo ya bahati nasibu ina sheria yake ya mwaka 1988, ambayo yawaachia wakazi wa kila mji kupiga kura kama michezo hiyo ikubaliwe kwao au ikataliwe. Hata mahali ilipokubaliwa, faida si mali ya klabu yote pia. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2013, asilimia 60 lazima itumike kwa mambo ya hisani yenye faida kwa watu, na asilimia 40 ndiyo ibakiayo kwa matumizi ya klabu. Bati likivuja, litazibwa kwa fedha za fungu hilo dogo.

Serikali Kuu nayo ina sharti lake katika sheria ya kodi. Chama kitakacho msamaha wa kodi kwa jina la askari wa zamani lazima kithibitishe kwamba angalau asilimia 75 ya wanachama wake ni watu waliotumikia au wanaotumikia majeshi ya nchi. Haikubaliwi watu wafungue baa, wamweke askari mmoja mzee kitini karibu na mlango, kisha wajiite chama cha mashujaa.

MGENI ALIYEKATALIWA

Upendeleo huu una upande wake mchungu, nao ulionekana wazi mjini Harrisburg, makao makuu ya jimbo hilo la Pennsylvania. Tarehe 29 Desemba 1968 Bwana K. Leroy Irvis, mjumbe mweusi wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, alifika katika nyumba ya Moose, Tawi nambari 107, akiwa mgeni wa mwanachama mmoja mzungu. Aliomba chakula na kinywaji. Akakataliwa, na sababu ilikuwa ni rangi yake tu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mwenyeji hakutaka kupona.

Bwana Irvis akaenda kortini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: ikiwa Serikali ya jimbo ndiyo inayotoa leseni ya vileo, inayokagua hesabu za klabu na orodha ya wanachama, basi Serikali yenyewe imeshiriki katika ubaguzi ule. Majaji wa kwanza walikubaliana naye. Lakini tarehe 12 Juni 1972 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliamua kwamba kutoa leseni hakuifanyi Serikali kuwa mshirika wa klabu, na kwamba nyumba ile ni ya faragha.

Jaji William Douglas, mmoja wa wale watatu, alitaja jambo ambalo mtu asiyejua mambo ya leseni angeweza kulipita. Leseni za klabu katika mji ule zilikuwa na idadi maalum iliyopimwa kwa wingi wa wakazi, na idadi hiyo ilikuwa imejaa kwa miaka mingi. Kwa hiyo watu weusi waliofukuzwa mlangoni hawakuweza hata kuomba leseni mpya wafungue klabu yao wenyewe. Ubaya wa mambo haukuwa katika sheria iliyoandikwa. Ulikuwa katika hesabu ya karatasi zilizokwisha gawanywa.

Hata hivyo shauri halikuishia hapo. Katika mwaka ule ule wa 1972 Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilitazama jambo hilo kwa sheria ya jimbo iliyokataza ubaguzi katika mahali pa watu wote. Ilisema kwamba tawi lile lilikuwa limezoea kuwapokea wageni wa wanachama katika chumba cha chakula na cha vinywaji. Kwa hiyo chumba hicho hakikuwa tena cha faragha kamili, na mgeni hakuweza kufukuzwa kwa ajili ya rangi. Uanachama ulibaki mikononi mwao. Meza ya wageni haikubaki. Naye Bwana Irvis mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza lile lile la Harrisburg.

Mji wa New York ulijaribu kuupima mpaka huo kwa tarakimu. Sheria yake ya mwaka 1984 ilisema kwamba klabu yenye wanachama zaidi ya 400, inayotoa chakula mara kwa mara, na inayopokea kwa kawaida fedha za watu wasio wanachama, haiwezi kujiita ya faragha na kuwafungia wengine mlango, wakiwamo wanawake. Lakini vyama vya udugu viliachwa nje ya sheria hiyo. Klabu nyingine zikanung'unika kwamba huo ni upendeleo. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani, bila jaji hata mmoja kupinga, iliiacha sheria isimame pamoja na msamaha wake.

NYIMBO NAZO ZINA WENYEWE

Lipo jambo ambalo makatibu wa matawi hulisahau, nalo ni malipo ya watunzi. Wimbo ukipigwa hadharani, aliyeutunga anastahili kulipwa, na malipo hukusanywa na vyama kama ASCAP, kilichoanza mwaka 1914, na BMI cha mwaka 1939. Mwaka 1982 Bunge la Marekani lilivipa nafuu vyama vya askari wa zamani na vya udugu visivyotafuta faida: vyaweza kupiga muziki katika karamu zao bila kulipa, mradi watu wa nje hawakualikwa kwa jumla, na mapato yote, baada ya kutoa gharama za haki, yaende kwa hisani tu. Katibu atakayetangaza dansi yake kwa watu wote amekwisha ipoteza nafuu hiyo.

PASIPO NA UPENDELEO

Katika jambo la moto haisaidii kitu kuwa klabu ni ya faragha. Usiku wa tarehe 23 Aprili 1940 klabu moja ya starehe ya Wamarekani weusi ilifanya dansi katika mji wa Natchez, jimbo la Mississippi. Bendi ya Walter Barnes ilikuwa imetoka Chicago, na watu walijaa. Jengo lilikuwa la mbao lililofunikwa mabati, na ndani lilipambwa kwa majani makavu yanayoning'inia. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao ili wasiolipa kiingilio wasipenye. Moto ulianza karibu na mlango wa mbele, na mlango huo ulifunguka kwa ndani. Walikufa watu 209, Bwana Barnes na wapigaji wake wengi wakiwamo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Novemba 1942, nyumba ya anasa iitwayo Cocoanut Grove iliungua mjini Boston wakafa watu 492, wengi wao wakiwa wamesongamana kwenye milango isiyotokeka. Baada ya hapo kanuni za milango ya kutokea zilikazwa katika miji mingi. Leo mkaguzi wa moto afikapo katika nyumba ya askari wa zamani haombi kuona orodha ya wanachama. Husukuma mlango aone kama wafunguka kwa nje, hutazama taa iliyo juu yake kama yawaka, na husoma ile karatasi ya ukutani inayosema ni watu wangapi wanaoruhusiwa kuwa ndani kwa wakati mmoja.