Chuo gani kwa masta ya usimamizi?

Wazazi wengi wa Likasi, waliokulia kwa mshahara wa Gécamines, hudhani kijana apatapo lisansi amekwisha kusoma. Zamani ndivyo ilivyokuwa: miaka 3 ya gradua, kisha 2 ya lisansi. Katika utaratibu mpya lisansi ni miaka 3 tu, na masta huongeza 2. Jina ni lilelile, kipimo sicho.

Basi kijana aombaye masta ya usimamizi tusimwite mkimbia kazi. Lakini twaona wengine hulipa kwa kupendezwa na kibao cha mlangoni! Yafaa kuuliza: Serikali imekiruhusu chuo kutoa masta, ama lisansi tu? Nani hufundisha hesabu za fedha, naye huonekana darasani mara ngapi? Chuo Kikuu cha Lubumbashi ki umbali wa kilomita 120 hivi; nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko mwaka uliopotea. Strathmore ya Nairobi ina sifa, ila hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wetu wamesoma kwa Kifaransa.

Tena fedha hiyo mara nyingi ndiyo ya mdogo wake aliye bado sekondari. Huyo naye aitwe, aisikie hesabu.