Kamaliza na chama kisicho na wenyewe

Michael Kamaliza alipokamatwa Oktoba 1969 kwa tuhuma za uhaini, wafanyakazi hawakugoma kumtetea. Miaka mitano tu kabla ya hapo alikuwa Katibu Mkuu wa chama pekee cha wafanyakazi kilichoruhusiwa kisheria Tanganyika, na papo hapo Waziri wa Kazi. Siku hizi jina lake hutajwa harakaharaka, nyuma ya lile la mwanasiasa Bibi Titi Mohamed, katika orodha ya washtakiwa wa kesi ya 1970, kisha watu wakapita. Mimi naona kuanguka kwake hakukuanzia mahakamani. Kulianza Februari 1964, wakati ambapo kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe, aliamini ndiyo kwanza amefika kileleni.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa Oktoba 1955, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Nguvu yake haikutoka ofisini. Ilitoka bandarini, kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli, kwa makatibu wa matawi waliosubiri siku ya mshahara wakiwa na kitabu cha risiti mkononi, wakimfuata mwanachama mmoja mmoja awape ada yake. Aliyechoshwa na chama alikuwa na dawa rahisi: hakulipa. Katibu aliyeona risiti zinapungua alijua ana kesi ya kujibu. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chini ya Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Miezi karibu mitatu bila mshahara, watoto wanataka kula, mwenye nyumba anataka kodi. Watu hawavumilii hivyo kwa chama wasichokiona kuwa chao.

Kamaliza alikulia humohumo. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji na kazi mchanganyiko, na Kawawa alipohamia serikalini yeye ndiye aliyeshika uongozi wa TFL. Hapo ndipo ugomvi ulipoiva. Tumbo, pamoja na Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba, walitaka vyama vibaki huru, vidai mishahara na nafasi za Waafrika hata kama anayedaiwa sasa ni serikali ya TANU, chama kilicholeta uhuru. Kamaliza alitaka shirikisho lenye mamlaka makubwa makao makuu, linalokwenda bega kwa bega na chama tawala.

Hoja ya upande wake haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa ya wakulima. Wenye mishahara walikuwa wachache, na kila nyongeza waliyoipata ilibidi itoke mahali fulani, mara nyingi kwa mkulima wa pamba au kahawa ambaye hakuwa na mwajiri wa kumgomea. Rais Nyerere alilisema hilo mara nyingi. Lakini kukubali kwamba wafanyakazi wajizuie ni jambo moja, na kuwaondolea njia ya kukataa ni jingine. Kamaliza aliyachanganya.

Mwaka 1962 aliingia katika baraza la mawaziri kushughulikia kazi. Mwaka huohuo zikapitishwa sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, zikawakataza watumishi wa serikali wa ngazi za juu kujiunga na vyama, na Bunge likapitisha pia sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Tumbo, aliyekuwa amepelekwa London kuwa balozi, alijiuzulu na kuingia upinzani. Mkello alipelekwa kuishi Sumbawanga mwaka 1963, mbali kabisa na mashamba ya mkonge ya Tanga. Kisha tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito wakaasi. Serikali ilipotengemaa, iliwakamata viongozi wa wafanyakazi kwa wingi, Tumbo naye akiwemo. Mwezi uliofuata TFL na vyama vyake vikafutwa kwa sheria, ikaundwa NUTA kuwa chama pekee cha wafanyakazi.

Sheria hiyo ilisema Katibu Mkuu na naibu wake watateuliwa na Rais. Rais akamteua Kamaliza, aliyebaki na uwaziri wake. Mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya serikali, ambayo ndiyo iliyokuwa ikizidi kuwa mwajiri mkubwa, alitakiwa ayapeleke kwa Katibu Mkuu, naye ayapeleke kwa Waziri, yaani kwake mwenyewe. Ada sasa ilikatwa juu kwa juu kwenye mshahara, mwajiri akaituma NUTA. Kitabu cha risiti hakikuwa na kazi tena. Wanachama wakaongezeka na fedha zikaingia bila usumbufu, kwa hiyo kwa hesabu za makao makuu chama kilikuwa kinastawi.

Tusimnyime haki yake. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964, iliyombana mwajiri asimfukuze mtu atakavyo na kuanzisha kamati za wafanyakazi, ilikuwa na manufaa ya kweli, na mfuko wa akiba ya uzeeni ulianza kipindi hichohicho. Tatizo ni kwamba hivyo vyote vilishuka kutoka juu, na mfanyakazi aliyevipokea hakujiona amevipata kwa chama.

Manung'uniko yalifika mbali kiasi kwamba Rais aliunda tume kuichunguza NUTA, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1967. Kamaliza alipoteza uwaziri, na Ukatibu Mkuu ukaenda kwa Alfred Tandau. Hapakuwa na mkutano mkuu wa wanachama wenye uwezo wa kumng'oa, na kwa sababu hiyohiyo hapakuwa na mkutano wenye uwezo wa kumbakiza. Alichopewa kwa saini kilichukuliwa kwa saini.

Kesi ya uhaini ilisikilizwa na Jaji Mkuu Philip Georges jijini Dar es Salaam, upande wa mashtaka ukimtegemea sana Potlako Leballo wa chama cha PAC cha Afrika Kusini na kumtaja Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa London, kuwa kinara wa njama. Kuna wanaobishana hadi leo juu ya uzito wa ushahidi ule. Hukumu ilitolewa mwaka 1971, Kamaliza akatiwa hatiani na kufungwa.

Februari ya mwaka huohuo TANU ilitoa waraka wa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kuwa na majivuno na unyanyasaji. Wafanyakazi waliichukua ibara hiyo wakaitumia. Wakaanza kusimamisha kazi bila kuisubiri NUTA, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakamfungia nje mwenye kiwanda, wakaendesha uzalishaji wenyewe. Ada za NUTA ziliendelea kukatwa kwenye mishahara yao kama kawaida.