Siku 104 za vijana nyumbani, na wale ambao hawajarudi darasani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Ilula

Shule zimefunguliwa. Tangu Juni 29, 2020, barabara kuu iendayo Mbeya, ambayo inaupasua mji wetu wa Ilula katikati, imerudia sura yake ya asubuhi: sare za wanafunzi pembeni, malori ya nyanya katikati. Machi 17, siku moja tu baada ya Serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari. Tuliambiwa ni siku 30. Muda ukaongezwa, na hesabu kamili imekuwa siku 104, kwani waliotangulia kurejea Juni 1 ni wanafunzi wa vyuo na wa kidato cha sita peke yao.

Tunaandika haya kwa sababu si wote waliorudi. Katika familia za msikiti wetu wapo vijana ambao hadi wiki hii hawajavaa sare. Hawaumwi, wala hawakufukuzwa na mtu. Wana kazi, na kazi hiyo wameipata mikononi mwa wazee wao.

Barazani baada ya Isha lawama zote hubebeshwa simu. Simu ina yake, nasi tutaitaja. Lakini kamati imepita nyumba kwa nyumba tangu shule zifunguliwe, na tulichokikuta ni kwamba kijana aliyebaki mtaani na kijana aliyerudi darasani wote walikuwa na simu ile ile ya baba, wote walipita kwenye kijiwe kile kile cha bodaboda. Kilichowatenganisha ni namna walivyohesabiwa nyumbani katika siku zile: yule mmoja alihesabiwa kuwa nguvu kazi, na huyu mwingine alihesabiwa kuwa mtu mzima anayekua, mwenye kazi yake, fedha yake, na neno lake la kusikilizwa.

Kwa ndugu zetu walio mbali, Ilula ni mji mdogo wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Msafiri kutoka Dar es Salaam akishaupanda mlima Kitonga, mji mkubwa kidogo anaoukuta kabla ya Iringa ni huu. Tunaishi kwa nyanya na vitunguu. Shule zilipofungwa, nyanya za masika zilikuwa zinaiva, na nyanya haijui kusubiri: usipoichuma leo, kesho ni ya ng'ombe. Mikono ikahitajika ya kuchuma, ya kupanga kwenye matenga na ya kupakia. Hakuna dalali anayemuuliza kijana mrefu wa kidato cha pili umri wake. Anamtazama mabega, na jioni anampa fedha taslimu. Tukumbuke pia kwamba miezi ile ya mvua ndiyo miezi ya ulanzi kugemwa kwa wingi milimani kwetu, na ulanzi ni rahisi kuliko soda. Kijana mwenye fedha mfukoni, asiye na daftari la kesho, anayepita mbele ya kilabu saa kumi na mbili jioni: hapo hatuhitaji kueleza zaidi.

Mzee mmoja wa jamaa zetu alimchukua mwanawe wa kidato cha tatu tangu wiki ya kwanza. Alifurahi, na ni haki yake kufurahi, kwa kuwa kijana alikuwa mwepesi na mwaminifu. Malipo ya kijana yaliingia mfukoni mwa baba kila jioni, yakaenda kwenye mbolea, dawa za shamba na unga. Miezi mitatu haikuzungumzwa habari ya vitabu. Sasa baba anasema rudi shule, na kijana anamuuliza, kwa adabu kabisa, kama pengo lake shambani litazibwa na nani. Baba hana jibu, kwa sababu kwa siku 104 jibu alilompa mwanawe lilikuwa jingine.

Tumlinganishe na mama mmoja mjane wa mtaa wa pili. Naye hakuweza kumweka mwanawe bila kazi. Jiko lake halikuruhusu. Lakini walikaa kitako yeye, kijana wake na binti yake, wakapatana. Kijana aende shambani baada ya swala ya alfajiri, arudi adhuhuri, na baada ya kuswali ale, kisha saa mbili ziwe za daftari. Theluthi ya kipato iwe ya nyumba. Kilichobaki kiwekwe na mama kwa amana, na kijana mwenyewe akiandike katika daftari dogo, aingize na atoe mbele ya dada yake. Elimu ya sekondari ya serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu mwaka 2016, alhamdulillah, lakini viatu, sare na madaftari vingali juu ya mzazi. Juni ilipofika ukingoni, kijana alinunua viatu vyake mwenyewe, na sketi ya shule ya dada yake. Siku ya Juni 29 alikuwa miongoni mwa wa kwanza langoni.

Mama huyu hakusoma fiqhi, lakini alichofanya kina asili yake. Katika Surat An-Nisaa Mwenyezi Mungu amewaagiza walezi wa mayatima wawajaribu watoto hao wanapokaribia umri wa kuoa, na wakiona wamepata busara wawakabidhi mali yao. Majaribio hayo, wanavyuoni wanatueleza, ni kumpa kijana kiasi kidogo cha mali akitumie huku mlezi akitazama. Basi ikiwa yatima anastahili mafunzo hayo, mtoto mwenye mzazi aliye hai hastahili? Mali aliyoitolea jasho kijana ni mali yake, na mzazi juu ya mali hiyo ni mlinzi. Kusaidia nyumba ni wema na wajibu wa mtoto kwa kadiri ya hali, lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayechangia na mtoto anayenyang'anywa kimyakimya.

Habari ya mabinti ilikuwa ya kimya zaidi, na kwa hiyo ni nzito zaidi. Mvulana akikaa nyumbani huonekana ana shida; msichana akikaa nyumbani huonekana amesaidia. Ndoo za maji zikaongezeka, zile za kunawia mikono mlangoni zikiwa juu ya zile za kawaida. Wadogo wote wako nyumbani, kila mmoja anataka chakula cha mchana. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye runinga, lakini tuwe wakweli: katika nyumba yenye redio moja, kipindi cha hisabati kilipoanza, binti alikuwa mtoni au jikoni.

Mwezi wa Mei kamati ililetewa habari ya posa. Mchumba ni mtu mwenye gari la mizigo, mwenye heshima zake, na binti ni wa kidato cha tatu. Hoja ya wazee ilikuwa kwamba shule zimefungwa, hakuna ajuaye zitafunguliwa lini, na kheri haicheleweshwi. Tulikwenda watu watatu. Tulianza na sheria, kwa kuwa wengine huisikia hiyo kwanza: tangu mwaka 2016 kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30, na shule kufungwa kwa maradhi hakumtoi mtoto katika uanafunzi. Kisha tukauliza swali la dini: binti ameulizwa? Mtume (SAW) amefundisha kwamba bikira hutakwa idhini yake. Wazee wakatazamana. Hakuwa ameulizwa. Alipoitwa na mama yake chumbani, alisema anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kwanza. Posa ikarudishwa kwa heshima, na mwenye gari, Allah amlipe, hakununa. Binti huyu leo yuko darasani. Tunajua kwamba kwa utaratibu uliokuwapo mwaka 2020, msichana wa shule ya serikali aliyepata mimba hakuwa na njia ya kurudi katika shule ile. Kwa hiyo uzembe wa siku chache kwa binti ulikuwa na bei ambayo kaka yake hakuilipa.

Sasa hiyo simu. Walimu kadhaa walituma maswali na muhtasari wa masomo kwa WhatsApp, na simu yenye uwezo huo nyumbani mara nyingi ni ya baba. Baba akaombwa simu, baba akatoa, na saa sita za usiku bando la wiki limekwisha na mtihani haujajibiwa. Palizuka ugomvi mwingi. Wazazi walioshinda ugomvi huo, kwa tulivyoona, hawakupekua simu usiku kama polisi. Waliiweka sebuleni, wakakaa karibu, wakauliza: huyu anayecheka ni nani, anasema nini? Kijana huona haya kuangalia mbele ya mama yake kile asichotaka kukieleza. (Mahali pekee ambapo simu haikuweza kumfuata kijana ni chini ya blanketi la nyungu. Familia nzima imeinama juu ya sufuria la mwarobaini, malimao na tangawizi, jasho linatoka, hakuna anayeweza kuondoka. Mzazi mmoja alituambia kwamba mazungumzo marefu kuliko yote na mwanawe mwaka huu yalifanyika humo, gizani, wakikohoa.)

Na ipo neema ya Ramadhani ya mwaka 1441 ambayo hatutaki ipotee. Misikiti nchini mwetu haikufungwa, lakini tulipanga safu kwa kuachana, kila mtu akaja na mswala wake, na wenye maradhi na wazee wengi waliswali tarawehe nyumbani. Nani aongoze? Katika nyumba kadhaa aliyehifadhi juzuu nyingi kuliko wote alikuwa kijana wa madrasa wa miaka 15 au 16. Baba mwenye mvi alisimama nyuma ya mwanawe. Si jambo geni: Amr bin Salamah alikuwa mtoto mdogo wa miaka sita au saba alipowaongoza watu wa kabila lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na Qur'an zaidi kifuani. Wazazi waliotuelezea habari hii walisema kitu kimoja, kila mmoja kwa maneno yake: tangu usiku ule waliona taabu kumfokea kijana yule mbele ya watu. Walianza kumwita pembeni. Swahaba Anas bin Malik aliingia katika huduma ya Mtume (SAW) akiwa na miaka kumi hivi na akatoka akiwa na ishirini, yaani ujana wake wote, na akasimulia kwamba hakuguniwa hata mara moja. Nyumba zetu ziko mbali na daraja hiyo. Lakini vijana waliokuwa maimamu wa familia zao, kati ya wale tunaowajua, wote wamerudi shule.

Kamati imefanya yaliyo katika uwezo wake. Tumezungumza na wakulima na madalali wanaoswali nasi, nao wamekubali kwamba siku za masomo hawatampa kibarua mtoto wa shule. Jumamosi na Jumapili ni ruhusa, na malipo akabidhiwe mkononi mwake mzazi akiwapo. Wasioswali nasi tumewaomba kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu nyanya hazina dini na mtoto wa jirani Mkristo naye ni mtoto wetu. Mwaka 2020 darasa la saba walikuwa na mtihani Oktoba, kidato cha nne Novemba. Hapakuwa na wiki ya kupoteza.

Kati ya vijana watatu tuliowafuata mwezi huu, wawili wamerudi. Wa tatu ni yule mtoto wa mzee wa mbolea. Baba yake amekwisha kutafuta kibarua mtu mzima wa kushika nafasi yake, na amemrudishia mwanawe sehemu ya fedha zake mbele yetu, jambo ambalo halikuwa jepesi kwake. Kijana alizipokea, akazihesabu, akasema atafikiri. Mwalimu wake wa darasa amekubali kumpokea bila maswali hadi mwisho wa mwezi. Alhamisi baada ya Magharibi tutakwenda tena kwao.