Kinyago cha Baba Kilipopasuka

Tulipohamishwa kikazi kutoka Mtwara kwenda Dodoma, kitu cha kwanza tulichofunga kilikuwa kinyago cha mpingo alichotupa baba mkwe siku ya harusi yetu. Ni kinyago cha Kimakonde cha aina iitwayo ujamaa: watu wengi wamebebana kwenye gogo moja, wazee chini, watoto juu. Baba alikwisha fariki, na hatukuwa na ukumbusho mwingine wa mkono wake.

Nyumba tuliyopata haikuwa na dari. Tukakiweka juu ya kabati, karibu na bati, kando ya dirisha la magharibi, tukidhani ni salama kwa kuwa watoto hawafiki. Baada ya miezi minne ya kiangazi tulikishusha ili tukifute vumbi. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka utosini mwa mtoto wa juu hadi kifuani mwa mzee. Upande wa dirishani, weusi wake ulikuwa umefifia. Na mama mkwe alikuwa amekwisha tuma habari kwamba anakuja kututembelea!

Kwa nini kilipasuka?

Akina mama tunajua magaga ya visigino. Ngozi ikikauka juu hupungua na kuvutika, mwisho hupasuka. Mti nao ni hivyo hivyo. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na huchukua miaka kukauka vizuri. Wachongaji wengi huuchonga ungali na unyevu. Kinyago kikitoka pwani penye unyevunyevu na kuingia penye hewa kavu na joto la bati, nje hukauka haraka, ndani bado. Nje hujikunja, ndani hukataa. Ndipo ufa hutokea.

Mwanga nao hufifisha rangi kidogo kidogo, na rangi iliyokwenda hairudi. Mwanga hafifu wa miaka mingi huweza kudhuru kama jua kali la siku chache. Sanamu za plasta zilizopakwa rangi, kama zile za Krismasi, huathirika upesi. Hata nta ya nyuki inayong'arisha vinyago, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, huanza kulainika kabla ya hapo na kunasa vumbi.

Sisi wauguzi kila siku tunasoma kwenye maboksi ya dawa kwamba zitunzwe mahali pakavu, mbali na joto na mwanga. Agizo hilo hatukulikumbuka nyumbani kwetu!

Namna ya kuhifadhi

Chagua chumba cha ndani kisichopigwa na jua. Weka sanamu kwenye rafu ya chini ya kabati, si juu karibu na bati, wala juu ya friji au jirani na jiko. Usiiweke sakafuni, maana saruji hupandisha unyevu na mchwa hufika hapo kwanza.

Ifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka kabisa. Kanga mpya inaweza kuchuja rangi, na gazeti huacha wino. Usifunge kwa mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu ukinaswa ndani huleta ukungu. Kisha itie katika boksi la karatasi ngumu. Sanduku la bati hushika joto upesi, kwa hiyo lisikae penye jua.

Unapoibeba, shika shina kwa mikono miwili, si mkono wala kichwa cha sanamu. Kila baada ya miezi mitatu ifungue uikague. Ukiona unga laini chini yake, wadudu wameingia, hasa katika sehemu nyeupe ya mti. Itenge na nyingine mara moja. Ya mti usiioshe kwa maji wala kuianika juani; ifute kwa brashi laini.

Ikiwa umehama kutoka pwani kwenda bara, usiifungue siku ya kwanza. Iache ndani ya kitambaa na boksi kwa majuma kadhaa izoee hewa taratibu.

Mama alipofika

Tulitaka kuuziba ufa kwa gundi kabla hajauona. Tunashukuru hatukuwahi. Mvua zilipoanza, mti ulivuta unyevu na ufa ukapungua wenyewe. Kama tungeujaza, mti ungekosa nafasi ya kutanuka na huenda ungepasuka kwingine.

Tulimwonyesha Mama tukiwa tumeinamisha vichwa. Alikipapasa kinyago kimya, kisha akasema, "Wanangu, baba yenu alikifunga shuka akakiweka chini ya kitanda miaka yote. Mngeniuliza."

Mpenzi msomaji, leo kabla hujalala, angalia juu ya kabati lako. Na kama mzee aliyekupa kitu hicho angali hai, mwulize alikuwa akikitunzaje.