Moshi, Vumbi na Kuvu Katika Nyumba ya Mkulima

Ewe mkulima, kama ungesikia ya kuwa fukusi wameingia katika ghala yako, usingelala usiku huo. Ungetoa mahindi yote nje, ungeyaanika juani, ungefagia ghala na kuziba nyufa zake. Walakini iko mali nyingine nyumbani mwako ipitayo mahindi kwa thamani, nayo huliwa polepole kila siku bila ya mtu kupiga kelele. Mali hiyo ni pumzi ya watu wako: ya mama apikaye, ya mtoto aliye mgongoni mwake, na ya mzee alalaye karibu na moto. Karatasi hii yataka kukuonyesha ni nini kinachoiharibu, na ni kazi gani uwezayo kuifanya kwa mikono yako mwenyewe. Maneno yake ni ya mume na mke pamoja. Maana mke aghalabu ndiye aujuaye moshi, na mume aghalabu ndiye ajengaye nyumba.

HEWA YA NDANI

Watu wengi hudhani ya kuwa hewa mbaya ni jambo la miji mikubwa, penye magari na viwanda. Sivyo. Jikoni pasipo dirisha, penye mafiga matatu na kuni mbichi, hewa huwa mbaya kuliko ile ya barabara yenye magari mengi. Moshi una chembe ndogo mno, nyingine zisizofikia hata sehemu moja ya ishirini ya upana wa unywele. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, nasi huzitoa kwa kupiga chafya na kukohoa. Hizi ndogo hupita, zikashuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa mbaya ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Basi usiseme, “Moshi ni moshi tu, wazee wetu waliishi nao.” Wazee waliishi nao, ni kweli, lakini kumbuka pia bibi waliokohoa miaka mingi, na macho yao mekundu.

MOSHI WA MAFIGA

Jambo la kwanza ni kuni. Mti uliokatwa leo una maji mengi, huenda yakafikia nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto hufanya kwanza kazi ya kuchemsha yale maji, nao huwa baridi, na moto baridi ndio utoao moshi mwingi. Kwa hiyo pasua kuni zako ziwe nyembamba, uzipange juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, uzifunike juu tu, uache upepo upite kando. Zikae hivyo muda wa miezi kadhaa, kabla ya masika kuanza. Kuni kavu hulia zikigonganishwa, na ncha zake huonyesha nyufa. Utaona faida mbili: moshi utapungua, na mzigo mmoja utapika vyungu vingi zaidi.

Jambo la pili ni njia ya moshi. Moshi hupanda juu. Usipoona tundu hujikusanya chini ya paa, kisha hushuka mpaka usawa wa kichwa cha mpishi. Tengeneza tundu juu, karibu na kipaa, na dirisha chini upande utokao upepo, ili hewa njema iingie chini na moshi utoke juu. Lililo bora zaidi ni kujenga meko ya udongo yenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Dohani sharti ipite juu ya kilele cha paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Kama paa ni ya nyasi au makuti, jenga dohani ya matofali, wala usiache nyasi ziiguse, usije ukaponya kifua na kuchoma nyumba. Ondoa masizi kila mara, maana dohani iliyoziba haina kazi.

Huenda ukauliza, “Je, nikinunua jiko jipya litumialo kuni chache, haitoshi?” Jiko hilo ni jema, lakini peke yake halitoshi. Katika milima ya Guatemala, kuanzia mwaka 2002 mpaka 2004, wachunguzi waliwapa baadhi ya wenyeji meko yenye dohani, na wengine wakabaki na moto wa wazi. Moshi uliowafikia watoto wa nyumba zenye dohani ulipungua kwa kadiri ya nusu, na homa kali ya mapafu ilipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Lakini homa ya mapafu kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Baadaye, katika miaka ya 2010, uchunguzi mwingine ulifanywa Malawi kwa watoto zaidi ya 10,000. Nyumba zilipewa majiko yenye kutoa moshi kidogo, wala homa ya mapafu haikupungua. Maana yake nini? Moshi uliopungua kidogo bado ni moshi. Tena kuna moshi wa takataka zichomwazo uani, wa tumbaku, na wa jirani. Kwa hiyo yakupasa kuzifanya kazi zote, usichague moja ukaiacha nyingine.

Mwenye uwezo wa kupika kwa gesi, umeme au bayogesi itokayo katika samadi ya ng’ombe wake, na afanye hivyo; ndiyo dawa iliyo bora. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa miaka kumi, ili ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi.

“LAKINI MOSHI HUTUNZA MAHINDI YANGU”

Hili ni neno la haki, wala hatulidharau. Wakulima wengi hutundika mahindi ya mbegu juu ya meko, maana moshi na joto huyakausha na kuwafukuza fukusi. Tena moshi hulinda nyasi na miti ya paa isiliwe na wadudu. Mtu akikuambia uondoe moshi bila ya kukuonyesha njia nyingine ya kutunza chakula, usimsikilize.

Njia nyingine ni hizi mbili. Ya kwanza, jenga jiko mbali kidogo na nyumba ya kulala. Hapo utundike mbegu zako, na moshi ufanye kazi yake pasipo kulala na watoto. Ya pili, yakaushe mahindi sana, kisha uyatie katika pipa la bati lenye kifuniko cha kukaza, au katika mifuko ile isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo huimaliza hewa wakafa wenyewe, hata yule dumuzi aliyesumbua Tanzania tangu miaka ya 1980. Usifungue pipa ovyo ovyo, maana kila ukifungua huwapa wadudu pumzi mpya.

MKAA HAUNA MOSHI, LAKINI UNA SUMU

Katika nchi za baridi, kama Limuru, Lushoto na Njombe, watu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Wengine hawakuamka tena. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huishika damu kwa nguvu ipitayo mara 200 ile ya hewa njema, hata damu isiweze kuichukua pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Basi shika sheria hii bila ya kuivunja hata mara moja: jiko la mkaa lisilale na mtu. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali.

VUMBI NA KITANDA

Wako watu ambao miili yao huchokozwa na vitu visivyowadhuru wengine. Hali hii huitwa mzio. Mtu hupiga chafya asubuhi, pua hutoa maji, macho huwasha. Na mwenye pumu hubanwa kifua, hata pumzi ikalia kama filimbi. Usidhani ya kuwa amerogwa, wala usimwite mvivu.

Zamani ilijulikana ya kuwa vumbi la nyumba huleta taabu hiyo, lakini sababu yake haikujulikana. Mwaka 1964 wachunguzi wa Leiden, katika Uholanzi, walionyesha ya kuwa chanzo kikubwa ni utitiri wa vumbi. Ni mdudu mdogo, urefu wake kadiri ya theluthi moja ya milimita, naye haumi mtu. Hula vigaga vya ngozi vituangukavyo, na mavi yake ndiyo yachokozayo pumzi. Hanywi maji, bali huvuta unyevu ulio katika hewa. Kwa hiyo hustawi sana pwani na penye ziwa, na hupungua pakavu. Makao yake makubwa ni godoro, mto na blanketi.

Adui akijulikana, silaha hupatikana. Fua shuka na foronya kila juma. Maji ya joto la nyuzi 60 humwua. Ni maji ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Blanketi, mkeka na godoro vitoe nje siku ya jua kali, uvikung’ute mbali na mlango, uviache mpaka vikauke kabisa. Godoro la sufi au la majani makuukuu lisilofuliwa libadilishwe ujazo wake. Na ufagiapo, nyunyiza maji kidogo kwanza, au pangusa kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu haliondoi vumbi, bali hulirusha kutoka sakafuni na kulitia puani. Mwenye pumu asifagie, naye akae nje mpaka vumbi litue.

KUVU

Kuvu huota penye unyevu: ukutani chini ya paa livujalo, nyuma ya sanduku lililogusa ukuta, na katika nafaka isiyokauka. Mbegu zake huruka hewani na kumchokoza mwenye pumu. Ziba paa, chimba mfereji maji ya mvua yasisimame kando ya msingi, sogeza vitanda na masanduku yasiguse ukuta, na kila mwaka upake chokaa.

Lakini kuvu ya mahindi ina hatari ipitayo hiyo. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, na 125 kati yao walikufa. Wachunguzi waliona ya kuwa waliougua, kuliko jirani zao wazima, walikuwa wameweka mahindi mabichi, tena ndani ya nyumba badala ya ghalani. Basi nyumba ya kulala si ghala. Anika mahindi juu ya turubai au jamvi, si juu ya ardhi tupu. Kisha yapime hivi: tia mahindi kidogo katika chupa kavu, ongeza chumvi kavu, funika, utikise kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kandoni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Yenye kuvu usiyale, wala usiwape mifugo, wala usiyapikie pombe.

MENDE, KUKU NA MOSHI WA DAWA

Mavi ya mende na magamba yake huchokoza pumzi kama utitiri. Usiache makombo wala vyombo vichafu usiku, na uzibe nyufa. Kuku na mbuzi wapate banda lao. Manyoya na vumbi lao havifai chumbani. Dawa ya mbu ya kuchoma hufukuza mbu, lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha ya kuwa kipande kimoja chaweza kutoa chembe za moshi sawa na sigara zaidi ya 70. Chandarua chenye dawa ni bora. Ubani na udi, vilivyo desturi njema ya pwani, vifukizwe madirisha yakiwa wazi, wala si karibu na mwenye pumu.

KAZI NA WAKATI WAKE

Kila siku: fungua madirisha asubuhi, pika kwa kuni kavu, weka mtoto mbali na meko.
Kila juma: fua nguo za kitanda; anika blanketi na mikeka; pangusa vumbi.
Kila mwezi: ondoa masizi katika dohani, tazama paa na kuta kama zina unyevu.
Kila mwaka, kabla ya masika: panga kuni chini ya kipaa, ziba paa, paka chokaa, safisha ghala.

MTOTO AKIUGUA

Kazi hizi huzuia maradhi, hazitibu. Mtoto akikohoa, mtulize, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akivuta pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 akivuta 40 au zaidi, ni dalili ya homa ya mapafu. Mpeleke zahanati siku ile ile. Chini ya mbavu pakibonyea ndani kila avutapo, au akishindwa kunyonya, usingoje hata kupambazuke.

Mkulima hodari hujulikana kwa shamba lake. Lakini jirani apitaye usiku asikie nyumba imetulia, pasipo mtu kukohoa ndani yake, naye atajua ya kuwa humo yumo mkulima mwenye akili. Anza na kuni zako leo, kabla mvua haijazikuta.