MAJINA KATIKA URITHI: KUTAFUTA NDUGU WALIOPELEKWA UNGUJA



Katika Hesabu sura ya 27 tunasoma habari ya binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Sababu gani tunajua majina yao hata leo? Wanawake wengi walitembea jangwani pamoja na baba zao, na hakuna aliyeandika majina yao. Hawa watano waliandikwa kwa sababu baba yao alikufa bila mtoto mwanamume, nao wakasimama mbele ya Musa kudai fungu. Mambo ya urithi njo yalifanya waandikwe.

Tumeanza na neno hili juu ya swali lililotokea kalasini. Tulikuwa tunajifunza habari za Kasongo na Nyangwe wakati wa Tippu Tip, na namna Livingstone aliona watu wanauawa sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Mwenzetu mmoja akainua mkono: "Kwetu wanasimulia kama dada ya koko wa koko wangu alikamatwa na Wangwana, akapelekwa upande wa bahari, hakurudi. Mtu anaweza kujua alifia wapi?" Wengine walicheka kidogo. Halafu kalasi ikanyamaza, kwa sababu kumbe si yeye peke yake mwenye habari ya namna ile nyumbani.

Tumetafuta jibu. Ni kazi ngumu, lakini njia iko, nayo inapita katika kartasi za wafu.

Huku kwetu, wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi akifa mali yake ilifuata desturi ya ukoo. Wazee walikaa, wakagawa, ikaisha. Kartasi ilikuja tu kama watu waligombana na kufika mbele ya tribinali za desturi, zile zilizopangwa na dekre ya 1926. Wosia, ambayo kwa Kifaransa tunaita testama, ilikuwa zaidi jambo la Wazungu. Lakini Unguja ilikuwa vingine. Sheria ya Kiislamu inataka kila mrithi ajulikane kwa jina na kwa fungu lake. Tena Waingereza walishika ile inchi kuanzia 1890, na chini yao mambo ya urithi yalipita kwa kadhi, ni kusema mwamuzi wa Kiislamu, ao kwa tribinali ya Waingereza. Maandiko mengi yamebaki, yanatunzwa katika nyumba ya maandiko ya zamani ya Zanzibar, pale Kilimani.

Lakini mtumwa anaacha urithi gani? Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani alitoa amri kama tribinali zisikubali tena utumwa. Watu wengi walioachwa huru walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Pale mtu aliweza kuwa na nyumba bila kuwa na kiwanja: kiwanja cha tajiri, nyumba yake mwenyewe, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. (Mwaka 1928 walikataa kulipa, ikawa matata makubwa.) Kwa hiyo hata mwanamke maskini, aliyetoka Maniema akiwa mtoto, aliweza kufa akiacha nyumba ndogo, kitanda, kanga mbili tatu, na deni dukani. Fasi penye kitu, panatokea warithi, na warithi wakitokea panatokea kartasi.

Sasa namna ya kuzisoma. Kwanza mali inalipa maziko, halafu madeni, halafu wosia, na kile kinachobaki wanagawiwa warithi. Wengi wanafikiri wafungue wosia mbele ya yote. Sisi tunaona ni kosa. Katika sheria ile, wosia haupiti sehemu moja ya tatu ya mali, tena haufanywi kwa mtu aliye mrithi tayari. Mwana anapata mara mbili ya binti, mke anapata 1/8 kama mume ameacha watoto. Haya hayahitaji wosia. Kwa hiyo, ukitafuta watoto wa marehemu, angalia mgawanyo wa urithi. Ukitafuta mtumishi ao mtumwa aliyeachwa huru na bwana wake, hapo njo ufungue wosia, kwa sababu yeye si mrithi na njia yake ya kupewa kitu ni ile sehemu ya tatu. Madeni nayo usiyaruke. Yanaonyesha marehemu alifanya biashara na nani. Hata Tippu Tip mwenyewe aliendesha safari zake kwa mali ya mkopo kutoka kwa Muhindi Taria Topan.

Jambo ambalo lilitusumbua zaidi ni la akina mama. Wasichana wengi waliokamatwa walifanywa masuria ya mabwana wao. Mtoto aliyezaliwa na bwana alikuwa mtu huru, anarithi sawa na ndugu zake wa mama mwingine, anaitwa kwa jina la baba yake Mwarabu. Mama yake anapata uhuru bwana akifa, lakini hakuwa mke, kwa hiyo hana fungu, na jina lake halionekani katika mgawanyo. Unasoma watoto sita, unaona mama wawili tu. Wale wengine wako wapi? Ngoja mpaka mmoja wa watoto anakufa mbele ya mama yake. Pale mama ni mrithi wa mtoto, anapata 1/6 ao 1/3, na sasa anaandikwa. Ni huzuni kwamba mwanamke alipata jina katika kartasi kwa sababu amezika mtoto wake, lakini njo vile ilivyo.

Tena kuna hili. Mtu aliyeachwa huru akifa bila jamaa ya kurithi, sheria inampa urithi yule aliyemwacha huru, ao jamaa yake. Mabwana wa zamani walikuja kudai nyumba za watu wa namna hii. Kwa mtafutaji ni msaada, maana kartasi inataja jina la bwana, na kwa bwana unaweza kujua safari gani ilimleta. Sisi tuliposoma hayo tulikasirika, tunakubali.

Jihadharini na majina. Mtumwa alipewa jina jipya: Mabruki, Feruzi, Faida, Zafarani. Mwenye kukosa jina la baba aliandikwa "bin Abdallah" ao "binti Abdallah", na Abdallah yule hakuwa baba ya mtu. Neno "Mmanyema" nalo si kabila: kule pwani waliitwa hivyo Wakusu, Wabangubangu, Wazimba na wengine wengi. Na watu walibadilisha namna ya kujiita: kati ya hesabu ya watu ya 1924 na ile ya 1931, wale waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua sana. Miaka pia ni ya Kiislamu. Zidisha kwa 0,97, ongeza 622: mwaka 1315 unatoa 1897. Maandishi mengine ni ya herufi za Kiarabu, hata kama maneno ni Kiswahili, kwa hiyo utahitaji mtu wa kukusomea.

Mwenzetu wa swali lile alienda likizo, akauliza koko wake. Alirudi na jina la kuzaliwa la yule dada, jina la mto wa kijiji, na neno moja ambalo hakulijua: alikamatwa pamoja na mdogo wake, na mdogo aliponyoka. Jina la kuzaliwa halitaonekana Unguja, hilo tunajua. Mdogo naye, hata angalijulikana, asingalirithi kitu, kwa kuwa sheria ile hairithishi asiye Mwislamu. Lakini wako jamaa wa Maniema Ujiji, Kigoma, na Buyenzi kule Bujumbura, na mjomba wake anafanya biashara Kigoma. Atauliza. Na barua ya kupeleka Kilimani tumekwisha kuiandika. Iko mikononi mwa mwalimu, anaisahihisha.