Upasuaji wa mionzi wa metastasi za shina la ubongo

Upasuaji wa mionzi wa metastasi za shina la ubongo ni tiba inayoelekeza mionzi yenye nguvu, kwa usahihi mkubwa, kwenye uvimbe mdogo wa saratani uliofika katika shina la ubongo kutoka kiungo kingine cha mwili. Ingawa huitwa upasuaji, hakuna kisu kinachotumika wala fuvu halifunguliwi. Tiba hutolewa mara moja, au hugawanywa katika vikao vichache, kwa kawaida visivyozidi vitano.

Ugumu wa tiba hii uko katika mahali penyewe. Mara nyingi kisu cha daktari hakiwezi kufika hapo bila kusababisha ulemavu au kifo, na dawa nyingi za saratani hazipenyi vizuri kuingia kwenye ubongo. Mionzi inafika, lakini nayo inaweza kudhuru. Kwa hiyo swali kubwa ni la kipimo: ni mionzi kiasi gani inayotosha kuzuia uvimbe bila kuharibu tishu zenye afya zinazouzunguka?

Shina la ubongo na metastasi

Shina la ubongo ni sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Lina sehemu tatu: ubongo wa kati, ponsi na medula oblongata. Ni dogo, lakini ndilo linaloongoza upumuaji, mapigo ya moyo, usingizi na kumeza. Neva 10 kati ya jozi 12 za neva za kichwa hutoka hapo, na amri zote za kutembeza mikono na miguu hupitia humo.

Metastasi ni uvimbe unaoanzishwa na seli za saratani zilizosafiri, hasa kwa njia ya damu, kutoka mahali zilipoanzia. Saratani zinazofika sana kwenye ubongo ni za mapafu, matiti, figo na ngozi aina ya melanoma. Sehemu ndogo tu ya metastasi za ubongo huangukia kwenye shina lake. Hata hivyo, uvimbe wenye upana wa sentimita moja, ambao mahali pengine ubongoni ungeweza kukaa bila dalili, hapo unaweza kumfanya mgonjwa aone vitu viwili viwili, apooze uso au upande mmoja wa mwili, ayumbe anapotembea, au apaliwe anapokula.

Historia

Wazo la upasuaji wa mionzi lilitolewa mwaka 1951 na Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Stockholm, Uswidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake walitengeneza mashine ya kwanza ya Gamma Knife, iliyotumia mionzi ya gamma kutoka kwenye kobalti-60. Haikukusudiwa hasa kwa saratani, bali kwa kutibu maumivu sugu na matatizo mengine ya utendaji wa ubongo bila kufungua fuvu. Matumizi yake kwa metastasi yalienea baadaye, picha za CT na MRI zilipowezesha madaktari kuona mipaka ya uvimbe.

Jinsi inavyofanya kazi

Mfano wa tochi unasaidia kuelewa. Tochi moja dhaifu ikimulika ukuta gizani, mwanga wake ni hafifu. Tochi 200 zikisimamishwa mahali mbalimbali na kuelekezwa zote kwenye doa moja, doa hilo litang'aa sana, ilhali njia ya kila mwale itabaki na mwanga mdogo. Gamma Knife hufanya hivyo kwa vyanzo takriban 200 vya kobalti. Mashine nyingine, kama CyberKnife, hutumia chanzo kimoja cha eksirei kinachozunguka na kumlenga mgonjwa kutoka pande nyingi. Nchini Kenya, mashine ya CyberKnife ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Kwanza kichwa hutulizwa ili kisisogee, ama kwa fremu inayofungwa kwa skrubu baada ya ganzi, ama kwa barakoa ngumu iliyofinyangwa kufuata uso wa mgonjwa. Kisha hupigwa picha za MRI zenye vipande vyembamba. Daktari wa saratani, daktari wa upasuaji wa ubongo na mwanafizikia wa tiba huchora mpaka wa uvimbe na kupanga njia za miale. Mionzi yenyewe haiumi, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kipimo cha mionzi

Mionzi hupimwa kwa grei (Gy). Metastasi ndogo iliyo mahali pengine ubongoni inaweza kupewa hadi Gy 24 kwa mara moja. Kwa shina la ubongo, mwongozo wa kitaalamu wa mwaka 2010 ulieleza kwamba hatari ya madhara ni ndogo, chini ya 5%, endapo kiwango cha juu kinachopokewa kwa mara moja hakizidi Gy 12.5.

Kiasi hicho mara nyingi ni kidogo mno kuzuia metastasi. Kwa hiyo madaktari wengi huupa ukingo wa uvimbe takriban Gy 16, wakitegemea kwamba sehemu kubwa ya mionzi itabaki ndani ya uvimbe na kupungua ghafla nje yake. Uvimbe ukiwa mkubwa, kipimo hupunguzwa au hugawanywa katika vikao kadhaa ili tishu zenye afya zipate muda wa kujirekebisha.

Matokeo na madhara

Kwa kuhofia madhara, majaribio mengi ya upasuaji wa mionzi yaliwaacha nje wagonjwa wenye metastasi za shina la ubongo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya tafiti 32 zenye wagonjwa zaidi ya 1,400. Mwaka mmoja baada ya tiba, takriban 86% ya metastasi zilikuwa zimedhibitiwa. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na dalili walipata nafuu, na madhara makali yalitokea kwa takriban 2.4%.

Madhara yanayojulikana ni uvimbe wa maji kuzunguka eneo lililotibiwa, ambao hutulizwa kwa dawa za steroidi kama deksamethasoni, na nekrosi, yaani kufa kwa tishu, inayoweza kutokea miezi kadhaa baadaye. Katika MRI, nekrosi inaweza kufanana na saratani iliyorudi. Ndiyo maana mgonjwa hurudishwa kupigwa picha kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Mipaka ya tiba

Tiba hii hudhibiti uvimbe uliolengwa tu. Haiponyi saratani iliyoenea mwilini. Wengi wa wagonjwa hawa hufariki kutokana na ugonjwa ulio sehemu nyingine, si kutokana na uvimbe wa shina la ubongo. Metastasi zikiwa nyingi sana, ubongo mzima unaweza kupewa mionzi, kwa mfano Gy 30 katika vikao 10, ingawa njia hiyo inaweza kudhoofisha kumbukumbu. Kwa baadhi ya saratani, dawa mpya zinazopenya ubongoni zinaweza kuanza kutumika kabla ya mionzi au pamoja nayo. Kwa mgonjwa aliyedhoofika sana, tiba shufaa ya kupunguza maumivu na dalili inaweza kumfaa zaidi. Hata pale ambapo maisha hayarefushwi sana, uwezo wa kumeza, kuona vizuri na kutembea bila kushikwa mkono kwa miezi iliyobaki ni faida inayopimwa pamoja na hatari zake.